Waya Uliomstaafisha Mwalimu Mbawala

Nina hasira, na sina mpango wa kuzificha. Wiki hii nimeingia duka moja huku Kimara kununua betri ya saa, nikamkuta kijana muuzaji anamkunjulia dada wa watu waya wa spika mnene kama kidole gumba. Umevikwa kitambaa cha bluu kilichosukwa vizuri, na ncha zake zimevalishwa vikofia vya rangi ya dhahabu. Anamwambia, "Sista, huu waya unasafisha mziki. Ukifunga huu, hata redio ya kawaida inapiga kama ya ukumbini." Yule dada anaitikia kwa kichwa, mkono tayari uko kwenye pochi. Mimi nikasema waya hausafishi kitu, waya si sabuni. Kijana akanitazama kuanzia kwenye kanga mpaka kwenye kandambili, akaniambia kwa adabu zake zote, "Shikamoo bibi. Hivi vitu vya kisasa, bibi, tuachie sie."

Tuachie sie! Miaka thelathini na kitu nimekaa kwenye meza ya kutengeneza redio pale Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa. Vidole hivi vina makovu mengi ya pasi ya risasi, ile ya kuunganishia nyaya, kuliko miaka ya huyo kijana. Naitwa Mwanaidi. Wateja waliniita Fundi Mwanaidi, isipokuwa wale wanaokuja mara ya kwanza, ambao waliniuliza fundi yuko wapi huku mimi ndiye nimeshika bisibisi. Siku hizi nimestaafu kwa sababu macho hayaoni tena vitu vidogo, na naishi kwa mwanangu. Ila mdomo haujastaafu. Kwa hiyo nyie mnaonunua redio zenu za kwanza, na hasa nyie mnaoziuza, kaeni chini mnisikilize. Waya wa bluu kama ule ule ulimharibia mtu mmoja ninayemheshimu karibu mwaka mzima wa maisha yake. Sehemu ya kosa hilo ni langu, na nalisema mapema msije mkadhani nimekuja kuwasema nyie peke yenu.

Mtu huyo ni Mwalimu Mbawala. Alikuja Dar kutoka Songea akiwa kijana, akakaa kule kule Mtoni, akafundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na muda wote huo alikuwa anafundisha kwaya ya kanisani kwao. Mimi ni Mwislamu, kanisani naingia kwenda kufunga spika na kutoka, lakini kwaya ile hata mimi niliijua. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mtu mwingine. Kila mazoezi alikuwa anayarekodi. Zamani alirekodi kwenye kaseti, na siku hizi anarekodi kwa simu, binti yake Stella anamchomekea kwenye amplifaya. Akifika nyumbani anaweka kiti katikati ya spika zake mbili, anafumba macho, anasikiliza wimbo mzima kwa ajili ya besi tu. Anarudia kwa ajili ya soprano. Anarudia tena. Jumamosi inayofuata anaingia mazoezini anajua nani alichelewa, nani alishuka na nani alikuwa anafungua mdomo tu.

Redio ile niliifunga mimi, zamani hizo. Ni amplifaya moja ya kawaida na spika mbili za mbao, na nilitumia waya wa kawaida kabisa, mwekundu na mweusi walioshikana, ule wanaouza kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Ilipiga miaka na miaka. Akaja panya akatafuna waya mmoja nyuma ya kabati, spika ya kulia ikanyamaza. Mimi nilishahamia Kimara. Stella ni mtoto mzuri, anampenda baba yake, akasema baba hatafungiwa tena waya wa taa, atafungiwa waya wa maana. Akaenda dukani.

Huko dukani akauziwa ule wa bluu, na muuzaji, kijana anayeitwa Rama, akaja mwenyewe nyumbani kuufunga. Akafunga, akawasha mziki mmoja wa vijana, akapandisha sauti mpaka vikombe vikacheza kabatini, akasema safi. Akaondoka.

Jioni Mwalimu akakaa kwenye kiti chake, akawasha mazoezi ya kwaya. Akamwita Stella akamuuliza, "Mbona besi hawapo?"

Stella akasikiliza, akasema wapo baba, nawasikia wanaimba. Mwalimu akasema anawasikia kwa mbali kama wako chumba cha pili, sauti haina uzito, haijulikani inatoka wapi. Wakampigia Rama. Rama hakuja hata kuangalia. Alisema kwa simu, "Mzee, huo waya ni wa juu kabisa, hauwezi kula besi. Hapo ishu ni masikio. Ukifika umri wako inatokeaga."

Ngojeni, kabla sijafika kwenye zamu yangu ya aibu, niwaambie kitu kuhusu aliyenifundisha. Fundi Salumu alikuwa na meza Temeke, mtu mfupi, mkali, asiyependa kuguswiwa vifaa vyake. Wiki ya kwanza kwake sikugusa redio hata moja. Alinikalisha karibu na wateja, akanipa swali moja la kuuliza: tangu lini? Redio haisikiki, tangu lini? Inakoroma, tangu lini? Nilidhani ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke, kumbe hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Mteja akikwambia tangu tulipohama, unakwenda kuangalia nyaya zilizofungwa upya. Akikwambia tangu mvua, unatafuta kutu. Akikwambia tangu nilipomwazima shemeji, hapo hata bisibisi huhitaji, unamuuliza shemeji. Kila mara nilipofungua redio kabla ya kuuliza, Fundi Salumu alinipokonya bisibisi mbele ya watu.

Sasa Stella alinipigia simu. Nilikuwa nachambua mchele, simu nimeibana na bega. "Shikamoo mama. Baba anasema hasikii besi kwenye redio. Kijana wa dukani anasema ni masikio. Wewe mama unaonaje?"

Nikamuuliza baba yako sasa ana miaka mingapi. Akanitajia. Nikamwambia, "Basi mwanangu, akubali tu. Ni umri. Hata mie macho yamekwisha."

Hayo tu. Sikuuliza tangu lini. Swali la wiki ya kwanza, swali la mwanafunzi asiyejua hata kushika pasi, mimi fundi wa miaka thelathini sikuliuliza kwa sababu nilikuwa na uvivu wa kupanda gari mpaka Mtoni. Na kuna kinachonichoma zaidi ya hapo. Kila fundi wa redio aliyewahi kuhudumia wazee anajua kwamba uzee huanza kuchukua sauti nyembamba za juu. Mzee anaanza kukosa kengele ndogo, anakosa ndege, anakosa herufi za mwisho za maneno. Mzee anayesikia maneno yote, anayesikia mpaka mlio wa kijiko sebuleni, halafu akakosa besi tu, huyo hana shida ya masikio. Nilikuwa nayajua hayo nikiwa nachambua ule mchele.

Maneno yangu yalitembea. Stella aliwaambia wanakwaya kwa uchungu tu, kwamba baba masikio yamemwacha, hata fundi amesema. Mwalimu mwenyewe akaanza kujiogopa. Mazoezini akawa hasahihishi mtu, maana kila alichosikia alikitilia shaka. Walitaka kumpeleka hospitali akapimwe, akakataa, akasema daktari atamwambia alichokwisha kuambiwa na watu wawili. Mwisho akaandika barua ya kuacha kwaya. Wakamfanyia sherehe ya kumuaga, na keki, na hotuba, na wamama wakamzungushia vitenge mabegani. Mnajua mambo yetu, mtu akishaagwa kwa keki amekwisha ondoka, hata akibaki mtaa ule ule.

Mimi nilialikwa. Nilituma pole na sikwenda.

Miezi ikapita. Siku moja Stella akanipigia tena, sauti imepungua. "Mama, baba anasema uje uchukue redio. Anasema kwake haina kazi tena, bora uwe nayo wewe unayejua thamani yake." Hapo ndipo nilipoona haya, nikaenda.

Nilimkuta sebuleni amekaa, na kile kiti chake hakikuwa tena katikati ya spika, kilikuwa kimegeuzwa kuelekea dirishani. Tulisalimiana. Juu ya amplifaya kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kikubwa, kimeziba matundu yote ya kupumulia. Nikakitoa kwanza, na nyie mama zenu na wake zenu wakivitandika vitambaa hivyo, vitoeni, au vitandikeni juu ya spika kama lazima mpambe. Amplifaya inahema kwa juu.

Mwalimu akasema, "Fundi, ichukue tu. Usinieleze kitu, nimeshakubali."

Nikapiga magoti nyuma ya kabati nianze kufungua spika. Nikaushika ule waya wa bluu kwa mara ya kwanza. Nikaufuata kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye spika ya kushoto, nikarudi, nikaufuata mpaka ya kulia. Nikakuta ndani ya kile kitambaa cha bluu kuna nyaya mbili, zote nyeusi. Hakuna mstari, hakuna alama, hakuna maandishi.

Nikamuuliza, nikiwa bado magotini, "Mwalimu, hii shida ya besi, tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu Stella aliponiletea huo waya mpya."

Stella alikuwa mlangoni na trei ya chai. Aliona uso wangu akaiweka chini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo, na haihitaji shule. Kila spika ina matundu mawili ya waya, jekundu na jeusi, na amplifaya pia. Jekundu linakwenda kwa jekundu, jeusi kwa jeusi, kwa spika zote mbili. Ukikosea kwenye spika moja, ile moja inasukuma mbele wakati nyingine inavuta nyuma. Ni kama watu wawili mnaobeba kitanda, mmoja anakwenda mbele na mwenzake anarudi nyuma. Sauti za juu utazisikia, maneno utayasikia, lakini besi za upande huu zinauawa na besi za upande ule, na mwimbaji anakuwa hana mahali. Kwenye mziki wenye makelele mengi huwezi kugundua haraka. Mtu aliyekaa katikati kabisa ya spika mbili, amefumba macho, anatafuta besi za kwaya, huyo atagundua jioni ile ile. Na Mwalimu aligundua jioni ile ile.

Namna ya kujua ni betri moja ya tochi. Chomoa nyaya kwenye amplifaya ili isiumie. Shika ncha mbili za waya wa spika moja, zigusishe kwenye betri kwa sekunde moja tu, huku mtu anaitazama ile karatasi ya duara iliyo usoni mwa spika. Utasikia tap, na karatasi itaruka mbele au itarudi ndani. Ikiruka mbele, waya ulioshika kichwa cha betri chenye kinundu ndio wa jekundu. Weka alama hata kwa rangi ya kucha. Halafu fanya hivyo kwa spika ya pili.

Nilimwomba Stella betri ya tochi. Nikachukua kwa kila upande waya uliokuwa kwenye jekundu la amplifaya, nikauweka kwenye kinundu. Kushoto, karatasi ikaruka mbele. Kulia, ikazama ndani. Nikarudia mara tatu kwa sababu sikutaka iwe kweli. Ilizama ndani mara zote tatu.

Mwalimu alikuwa ameshageuza kiti. "Maana yake nini?" akauliza.

Nikamwambia subiri, nakuja. Nikatoka nje na ule waya wao, nikaenda duka la vifaa vya umeme pale barabarani, nikanunua mita kumi za waya mwekundu na mweusi wa moja na nusu, ndiyo namba ya unene wake. Hata sikuomba kupunguziwa, maana ni bei ya sahani ya chipsi na mishikaki. Huo unatosha. Kwa sebule ya kawaida, spika ziko hatua tatu nne kutoka kwenye amplifaya, huo unatosha na unabaki. Ukiwa na sebule ndefu kama ukumbi chukua wa mbili na nusu. Anayekuuzia zaidi ya hapo anakuuzia kitambaa.

Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji kisu. Menya kidogo ganda la nje, toa uzi mmoja wa ndani, ukwangue. Ukikwangua shaba ya kweli, nyekundu inaendelea kuwa nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukaona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na ukiikunja mara chache inakatika. Muuzaji akikataa kukupa kisu, ondoka. Usipime waya kwa unene wa nje. Nilipouchana ule wa bluu wa Mwalimu nilikuta plastiki, chini yake nyuzi za pamba za kujazia, na katikati kabisa kajiwaya kembamba kama njiti ya kiberiti, tena keupe kwa ndani. Sikushangaa, nilitukana tu, Mungu anisamehe.

Lakini niseme haki. Waya mbaya haukula besi za Mwalimu. Besi zililiwa na mkono uliofunga bila kuangalia. Hata waya wa shaba tupu ukiufunga kinyume utakupa ujinga ule ule. Kosa la waya ule ni kwamba haukuwa na alama, kwa hiyo mkono wa haraka haukupata kitu cha kuuzuia. Ndiyo maana mimi nang'ang'ania mwekundu na mweusi. Hauhitaji akili, unahitaji macho.

Mimi mwenyewe siwezi kujifanya malaika wa mikono. Nikiwa bado mwanafunzi, Fundi Salumu alinituma Kawe kufunga redio kwa bibi mmoja mwenye nyumba karibu na bahari. Nikamenya nyaya kwa meno, nikazikunja hovyo, kauzi kamoja kakatoka nje kakagusa upande wa pili. Nilipowasha, amplifaya ikatoa moshi mbele ya yule bibi na wageni wake. Fundi Salumu hakunipigia kelele. Alinipa rundo la nyaya mbovu, akaniambia nimenye na kusokota ncha mpaka atakaponiambia basi, na hakusema basi kwa siku sita. Tangu hapo nyaya zangu ni hivi: namenya kwa kisu, pole pole, nisikate uzi hata mmoja, nasokota mpaka ziwe kitu kimoja, na naangalia kwa tochi kama hakuna uzi ulioasi. Na kule Kawe na kote pwani, kila baada ya mwaka kata ncha iliyoota ukijani wa chumvi, menya upya. Hakuna mtu anayekwambia hayo dukani kwa sababu ushauri huo hauna bei.

Basi nikafunga. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kulia na kushoto. Waya nikaupitisha pembeni ya ukuta, sio chini ya zulia ambako mguu wa kochi utaukanyaga. Nikamwambia Stella aweke mazoezi ya mwisho aliyoyarekodi baba yake.

Mwalimu alirudi kukaa katikati. Stella akabonyeza simu.

Besi waliingia. Sina namna nyingine ya kusema, waliingia sebuleni wote kwa pamoja. Nilimwona Mwalimu ameshika magoti yake mwenyewe. Baada ya ubeti mmoja kidole chake kikaanza kupiga hewa. "Huyo ni Fidelis," akasema. "Anachelewa. Siku zote anachelewa." Kisha akainua mkono, Stella akasimamisha.

"Hawa walikuwemo humu siku zote?"

"Walikuwemo," nikasema.

"Na mimi nilikuwa nasikia sawasawa?"

"Ulikuwa unasikia kuliko sisi wote. Redio ndiyo ilikuwa imekosea, na wewe ndiye uliyeona."

Stella alikuwa analia, anajifuta kwa mgongo wa mkono, anasema, "Baba, nisamehe, waya niliununua mimi." Mwalimu akamwambia yeye hakukosa, alileta zawadi. Kisha akanigeukia mimi.

"Fundi. Wewe ulisema ni umri."

"Nilisema."

"Ulikuja kuangalia?"

"Sikuja."

"Basi Jumamosi saa kumi utakuja. Utasimama mbele ya kwaya. Walikusikia uliposema nimekwisha, watakusikia tena."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mwalimu anayekupa kazi ya kufanya nyumbani, na mimi nikajibu ndiyo mwalimu.

Katikati ya wiki nilikwenda kwa Rama na kipande cha ule waya. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikaukwangua juu ya kioo cha meza yake mbele ya wateja, nikamwonyesha weupe wake, nikamwambia kilichomtokea Mwalimu kuanzia mwanzo mpaka kwenye keki. Mwanzoni alijitetea, "Bi mkubwa, mie nauza tu, mzigo unakuja hivyo hivyo." Nikamuuliza siku ile aliijuaje nyekundu na nyeusi. Akakigeuza kile kipande mkononi. Halafu akasema, "Kwani ina tofauti? Mbona zote zinapiga?"

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini nilimwona hatanii. Anafunga redio za watu kila siku na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Mafundi waliokuwa wakijua, mimi nikiwa mmoja wao, tulifunga meza zetu tukaenda kukaa kwa watoto wetu kuchambua mchele. Nikamwonyesha ile ya betri hapo hapo. Akaifanya mara mbili, akasema, "Dah, hii noma kinoma." Sijui kama ameacha kuuza ule wa bluu, sina uhakika huo. Hasira zangu kwake hazijaisha, zimepungua tu.

Jumamosi nikatoka Kimara mapema. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mimi ni fundi, nilisema neno bila kuangalia, neno lile lilikuwa uongo, nawaomba radhi nyie na Mwalimu wenu. Niliyapanga, nikayapangua.

Wanakwaya walikuwa kwenye madawati ya mbele. Walipomwona Mwalimu walisimama wote, "Shikamoo Mwalimu!" Walidhani amekuja kuwatembelea. Aliyechukua nafasi yake, kijana mpole aitwaye Deo, akatukaribisha tukae, akasema kwanza watatuimbia wimbo wa kutukaribisha, kama ilivyo desturi yao kwa wageni. Wakaimba. Mimi niliuona mzuri. Walipomaliza Deo akasema mgeni wetu mama ana neno.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi naitwa Mwanaidi, ndiye fundi aliyesema kwamba masikio ya Mwalimu..."

"Samahani, Fundi," Mwalimu akanikatiza. Alikuwa amesimama, na hakuwa ananitazama mimi. "Besi. Wewe wa pili kutoka dirishani. Ubeti wa tatu, pale mwishoni, umeshuka. Na jirani yako anakufuata."

Yule wa pili kutoka dirishani, baba mtu mzima mwenye kitambi, akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mwalimu."

Deo alikuwa anamtazama Mwalimu, mdomo wazi. "Mie wiki ya tatu hii nasikia kuna kitu hakijakaa sawa," akasema, "nikashindwa kujua ni nani." Akatoka mbele, akaenda kukaa na waimbaji wa sauti ya tenor.

Mwalimu akapanda pale alipotoka Deo. "Ubeti wa tatu," akasema. "Besi peke yao."

Wakaanza. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyekuwa na habari na mimi, nikakaa. Radhi niliyoipanga kutoka Kimara sijaimaliza mpaka leo, na Mwalimu hajaniuliza.